Kikofia cha vitanzi 56

Uzi ule mama ameutunza mpaka leo, ndani ya kopo la biskuti anamoweka sindano zake. Ni kipande cha pamba rangi ya maziwa, kirefu kuliko shibiri kwa vidole vichache, chenye fundo huku na fundo huku. Ukipima kutoka fundo hadi fundo unapata sentimita 28. Huo ndio uliokuwa mzunguko wa kichwa cha mtoto wa mdogo wangu alipotimiza siku tatu duniani, akiwa na uzito wa kilo 1.4, wiki kumi kabla ya siku aliyotarajiwa. Muuguzi ndiye aliyeuzungusha, na mimi nikafunga mafundo.

Ilikuwa mwezi Juni. Sisi kwetu ni Lushoto, na mwezi huo ukungu hushuka mapema, watu wakawahi kufunga madirisha. Simu ilipopigwa kutoka Tanga mjini, alikokuwa anaishi mdogo wangu na mumewe, nyumbani hapakuwa na kitu hata kimoja cha mtoto. Hatukuwa wazembe. Kwetu mtoto hanunuliwi nguo kabla hajalia. Wazee wanaamini kwamba ukitandaza vinguo mapema unaalika kisirani, na hata sisi tuliosoma tunajikuta tunawatii. Kwa hiyo mama mjamzito huweka akiba ya kanga, huficha fedha kidogo, basi. Mtoto akishalia ndipo majirani huja na sabuni, nepi, shuka na sweta, na ndani ya siku mbili beseni limejaa.

Mtoto njiti anaivuruga desturi hii. Amekuja kabla hakujawa na chochote, na akishakuja hakuna anayethubutu kubisha hodi. Majirani hawajui waseme hongera au waseme pole, kwa hiyo wengi hawasemi kitu. Nakumbuka jioni ile wanawake watatu walipita mbele ya baraza letu, wakamsalimia mama, wakaendelea na safari yao wakiwa wameinamisha macho. Jirani mmoja mzee ndiye aliyeingia ndani na kusema neno la kutufariji: wa miezi saba huwa wanaishi, wa miezi minane ndio hawaishi. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi tangu utotoni. Si kweli, na ni vizuri isemwe wazi, kwa sababu kuna mama anayejifungua mwezi wa nane akalia kwa hofu ya bure. Kila wiki inayoongezeka tumboni humwongezea mtoto nafasi ya kuishi.

Mama yangu anafuma tangu alipokuwa msichana, alipofundishwa na masista katika darasa la sayansikimu. Ukiingia sebuleni kwake kila kochi lina kitambaa, na redio nayo ina chake. Usiku ule hakulala. Alfajiri alikuwa amemaliza sweta nyeupe yenye matundu ya maua kifuani, vifungo vitatu vya rangi ya lulu, utepe wa waridi shingoni, na kofia yake yenye kishada juu. Aliikunja ndani ya leso safi, akanikabidhi, nikapanda gari la kwanza. Tukashuka milima kupitia Soni hadi Mombo, na kuanzia hapo joto likaanza kupanda kwa kila kilomita, Korogwe, Muheza, mpaka Tanga.

Muuguzi aliipokea ile sweta kwa mikono miwili. Aliigeuza nje na ndani, akapapasa maua, akasema mkono uliofuma hivi ni mkono wenye subira. Kisha akanionyesha mtoto.

Sikuwa nimewahi kuona binadamu mdogo namna ile. Unyayo wake ulikuwa mfupi kuliko kidole changu cha shahada. Masikio yalikuwa laini kama jani la mchicha lililotoka kwenye maji ya moto, na ngozi ilikuwa nyembamba hivi kwamba ungeweza kufuata mishipa kwa macho kutoka bega hadi kiganjani. Mrija wa kulishia ulipita puani. Muuguzi alichukua ile kofia yenye kishada akaisogeza karibu na kichwa, wala hakumvalisha, ilitosha kuona. Ingemfunika mpaka kidevuni.

“Hii ataivaa akifikisha miezi mitatu,” alisema. “Na sweta vilevile, mtunzie. Kwa sasa mwambie mama afume kofia na soksi tu. Kofia ndogo, isiyo na kitu chochote juu yake.”

Nikamuuliza swali ambalo watu wa Tanga mjini wote huuliza: joto lote hili, kofia ya nini? Nilikuwa natokwa na jasho mgongoni nikiwa nimesimama tu.

Jibu lake nimelithibitisha baadaye kwa kusoma, na natamani kila familia ilijue. Mtoto aliyetimiza wiki zake huzaliwa na akiba ya mafuta maalumu yenye rangi ya kahawia, yaliyojikusanya shingoni, katikati ya mabega na kuzunguka figo. Mwili wake huyachoma kutengeneza joto, bila hata kutetemeka kama sisi wakubwa. Akiba hiyo hujengwa katika wiki za mwisho za ujauzito, kwa hiyo njiti anaondoka ghala likiwa bado halijajaa. Ngozi yake haina mafuta ya kumkinga na hupitisha maji kwa urahisi, na maji yakitoka yanatoka na joto. Kichwa nacho ni kikubwa kuliko viungo vyake vingine: kwa mtoto mchanga ni karibu sehemu moja ya tano ya ngozi yote ya mwili, ilhali kwa mtu mzima hakifiki hata moja ya kumi. Kichwa kikiwa wazi ni sawa na kuacha dirisha kubwa la nyumba wazi usiku kucha.

Mtoto mchanga anatakiwa awe na joto la mwili kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Chumba chenye nyuzi 28, ambamo mimi nilikuwa najipepea na daftari, kwake kilikuwa na pengo la nyuzi tisa. Akianza kupoa, mwili unachoma sukari haraka, unahitaji oksijeni zaidi, na maziwa machache anayopewa kwa mrija yanaishia kwenye kujipasha joto badala ya kumwongeza uzito. Mama anaweza kukamua maziwa kila baada ya saa mbili, gramu zikagoma kupanda, kisa kichwa kiko wazi.

Na kwa nini asivae sweta basi? Kwa sababu nguo ya njiti ni kifua cha mama yake. Mdogo wangu alikuwa anakaa nusu ameegemea kitandani, gauni limefunguliwa mbele, na mtoto anawekwa wima katikati ya matiti akiwa na nepi, kofia na soksi, basi. Miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande, kidevu kimeinuliwa kidogo ili pumzi ipite. Kisha kanga inawazungushia wote wawili na kufungwa barabara, ukingo wake wa juu ukiishia chini tu ya sikio la mtoto. Ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Mama akichoka, baba anavua shati na kupokea. Sweta ya mama yangu, pamoja na uzuri wake wote, ingekaa katikati ya ngozi mbili zilizokuwa zinatafutana.

Njia hii wanaiita huduma ya kangaruu, kwa mfano wa yule mnyama wa Australia anayebeba mtoto mfukoni. Ilianza mwaka 1978 katika jiji la Bogotá, nchini Kolombia. Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na mashine za joto chache na watoto wengi, wakilazwa wawili watatu pamoja na kuambukizana maradhi, akaamua kuwarudisha kwa mama zao. Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa kwamba mtoto asubiri kwanza hali itulie ndipo awekwe kifuani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uligeuza mambo. Ulifanyika katika hospitali za nchi tano, Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kwa upande wetu ilikuwa Muhimbili. Watoto 3,211 waliozaliwa na uzito kati ya kilo 1 na 1.799 waligawanywa makundi mawili. Katika kundi lililowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, walifariki asilimia 12 ndani ya siku 28 za kwanza. Katika kundi lililosubiri, asilimia 15.7. Tofauti ilikuwa dhahiri hivi kwamba utafiti ulisitishwa kabla ya muda wake, maana haikuwa haki kuendelea kuwasubirisha wengine. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya unaotaka kifua kiwe mwanzo wa matibabu. Ninajivunia kwamba akina mama wa Dar es Salaam wamo katika ushahidi huo, wao na kanga zao.

Nilimpigia mama simu nikampa habari zote. Alikaa kimya kidogo. Nilijua anaifikiria ile sweta na usiku wake. Kisha akasema, “Nipe kipimo, mwanangu.” Ndipo nikaomba uzi.

Njiani kurudi, gari liliposimama Muheza, wauza machungwa wakaja dirishani kama kawaida yao. Nikautoa uzi mfukoni nikaanza kuuzungushia chungwa moja baada ya jingine. Mengi yalikuwa madogo. Hatimaye nikapata moja, kubwa kuliko yote kwenye ndoo, ambalo mafundo mawili yaligusana. Muuzaji, kijana wa miaka kama kumi na sita, aliniuliza napima nini. Nilipomwambia, alinyamaza, akalifuta lile chungwa kwa shati lake, akanipa. Pesa alikataa.

Usiku ule chungwa lilikaa mezani juu ya kikombe, na mama akakaa mbele yake.

Kwanza alichagua uzi. Mama hununua sweta za mitumba, si za kuvaa, bali za kufumua. Anatafuta mshono wa pembeni, anaukata, anavuta uzi mmoja na sweta nzima inarudi kuwa donge. Kisha anaufunga kwenye mgongo wa kiti kama shada, anaufua, anauning’iniza na chupa ya maji ili mikunjo inyooke. Nyuzi za namna hiyo hazina karatasi ya kueleza zimetengenezwa na nini, kwa hiyo mama hutumia moto. Alikata vipande vitatu, akawasha njiti ya kiberiti, na nikakumbuka kwamba kile kijiti na mtoto wetu vinaitwa kwa jina lilelile. Kipande cha kwanza kilinuka nywele zilizoungua, kikajikunja na kuzimika: sufu ya kondoo. Cha pili kiliyeyuka kikawa shanga ngumu nyeusi: uzi wa viwandani, akriliki. Cha tatu kiliwaka kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu: pamba.

Akachagua pamba. Sufu ni nzuri, hushika joto hata ikiwa na unyevu, lakini inawasha ngozi changa. Zaidi ya hapo, vitu vya wodini hufuliwa kwa maji ya moto na wakati mwingine dawa yenye klorini, na sufu ikikutana na maji ya moto inasinyaa, ikikutana na klorini inaliwa. Akriliki hustahimili kufuliwa, na akina mama wengi hufumia hiyo kwa sababu ni rahisi kupatikana. Haina ubaya mkubwa ikiwa laini, ila hainyonyi jasho. Kitu ambacho mama hakubali kabisa ni ule uzi wenye manyoya marefu unaouzwa kama wa watoto. Manyoya yale hutoka, na mtoto mwenye mapafu ambayo bado yanajifunza kazi hapaswi kuyavuta puani.

Kisha akafuma kiraka kidogo cha majaribio, akakilaza kwenye rula, akahesabu. Vitanzi 22 kwa kila sentimita 10, kwa sindano zake za zamani zilizogongwa namba 8, ambazo za siku hizi zingeandikwa milimita 4. Kofia lazima iwe ndogo kuliko kichwa ili ishike, ila isibane. Akapunguza karibu sehemu moja ya kumi kutoka ile 28, akabaki na 25 na nusu, akazidisha. Vitanzi 56.

Nimekaa karibu na sindano za mama maisha yangu yote, lakini usiku ule ndio niliona kufuma kwa kweli. Mistari kumi ya mwanzo alifuma vitanzi viwili vya mbele, viwili vya nyuma, kwa sababu pindo la namna hiyo linavutika na kurudi, linamfuata mtoto akiongezeka. Alipandisha vitanzi kwa kulegeza mkono. Mstari wa kwanza ukikazwa unaacha alama kwenye paji la uso. Baada ya pindo akaenda moja kwa moja, laini, bila ua wala tundu, maana tundu hunasa kidole. Kila baada ya mistari michache alilivalisha chungwa na kuangalia. Ilipofika sentimita 8 akaigawa kofia mafungu saba ya vitanzi vinane na kuanza kupunguza kitanzi kimoja katika kila fungu, mpaka vikabaki saba. Akavipitisha kwenye uzi mmoja, akavuta, kilele kikajifunga bila kuacha nundu. Mshono wa nyuma akauweka upande wa nje, ili ndani kuwe kumelala. Ncha za uzi akazificha kwa sindano, akarudi nyuma, akaingia tena, akavuta kwa meno kuhakikisha haitoki.

Soksi alifumia spoku za baiskeli, nne, zilizonolewa ncha kwenye jiwe, kwa sababu sindano namba 8 ni nene mno kwa mguu wa aina ile. Alipomaliza aliigeuza kila soksi ndani nje chini ya taa, akatafuta uzi uliolegea. Uzi mmoja uliolegea ndani ya soksi unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu na kukikaba mpaka damu isipite, na mtoto wa kilo moja na ushei hana nguvu ya kulia mtu akasikia.

Hakufuma kofia moja. Alifuma tatu. Hili mama alilijua bila kuambiwa, kwa kuishi na baridi. Kofia ikilowa jasho, maziwa yaliyocheuliwa au maji ya kuoga, haifuniki tena. Inageuka kitambaa cha kumpoza mgonjwa wa homa. Moja iwe kichwani, moja kwenye kamba, moja mkononi. Alizifua zote, akazipiga pasi ya mkaa ambayo kwanza aliijaribu kwenye kitambaa kingine, akazitia kwenye mfuko safi.

Siku ya sita ya maisha yake mtoto wetu akavaa. Muuguzi alishusha pindo mpaka likafunika masikio, akaingiza kidole cha shahada kati ya kofia na paji. Kiliingia. Akajaribu viwili, havikuingia. “Hapo sawa,” akasema, akamrudisha kifuani kwa mdogo wangu, akakaza kanga. Ni kitu kidogo mno kukieleza. Lakini mdogo wangu, ambaye kwa siku sita alikuwa anamtazama mwanawe kama mtu anayetazama kitu cha kuazima, aliinamisha kichwa akainusa ile kofia. Ilikuwa na harufu ya sabuni ya nyumbani na moshi wa jiko la mama. Akaanza kulia, na alipomaliza kulia akaniambia jina walilotaka kumpa.

Ndani ya wodi ile kulikuwa na akina mama tisa. Wengine watoto wao walivaa soksi ya mtu mzima iliyokatwa na kufungwa kilele kwa uzi, na nataka niseme kwamba ile ni kofia nzuri, mama asiye na kitu asione aibu kuitumia. Iwe tu safi, kavu na isibane. Wengine walikuwa na kofia kubwa zilizoletwa na ndugu, maboshori ya mtoto wa mwaka mzima yaliyokunjwa mara tatu. Jirani wa kitanda cha kushoto, msichana ambaye sidhani kama alikuwa amefikisha miaka ishirini, alikuwa na mtoto wa kilo moja. Aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama mama yangu anauza.

Mama hakuuza. Alifuma kofia za vitanzi 48, tatu, na soksi zake. Zile za 48 zilivaliwa siku mbili. Siku ya tatu nilipofika kitanda kile kilikuwa kimetandikwa upya. Yule msichana alikuwa ameacha mfuko kwa muuguzi: soksi zimefuliwa na kukunjwa, kofia mbili zimefuliwa na kukunjwa, na ujumbe kwamba ile ya tatu ameomba abaki nayo. Nilipeleka mfuko nyumbani. Mama alizihesabu, akaziweka kwenye mapaja, akazilaza kwa kiganja muda mrefu. Akasema, “Alikuwa na nguo yake.” Hakusema zaidi, na usiku ule tena hakulala, asubuhi nilikuta kofia nne.

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 walizaliwa njiti takribani milioni 13.4 duniani, yaani karibu mmoja katika kila watoto kumi; njiti ni yeyote aliyezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37. Tarehe 17 Novemba kila mwaka ni siku yao, na rangi yake ni zambarau. Hapa nyumbani sauti zao zimeanza kusikika. Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, ameanzisha taasisi yenye jina lake inayopeleka vifaa hospitalini na kupigania haki za mama zao. Mwaka 2025 sheria za kazi zilirekebishwa ili mama aliyejifungua njiti aongezewe likizo kwa kuzingatia wiki zilizopungua kufikia 40. Mdogo wangu alijifungua kabla ya mabadiliko hayo, na likizo yake ya uzazi ilianza kuisha akiwa bado amemfunga mtoto kifuani wodini.

Ulaya nako wanafuma. Mwaka 2013 nchini Denmark walianza kuwafumia njiti pweza wadogo wa pamba, wenye mikia ya kushikwa, kwa imani kwamba mikia ile inamkumbusha mtoto kitovu chake na kumtuliza, asivute mirija. Ni wazo la upendo, ingawa ushahidi wa kitabibu juu yake ni mdogo, na nikiulizwa nitasema uzi ukiwa mchache uende kwenye kofia.

Kwa anayetaka kufuma, nina ombi moja tu, na ninaliomba kwa sababu niliona sweta nzuri ikirudi Lushoto ndani ya leso. Ongea kwanza na wauguzi wa wodi ya njiti. Waulize uzito wa watoto walio nao, rangi wanazokubali na namna wanavyofua. Wodi moja hupenda rangi zisizokolea ili damu au uchafu uonekane upesi. Nyingine ina utaratibu kwamba kila mtoto aondoke na zake, zisirudi kwa mwingine. Nguo yenye mikono ifumwe kwa ajili ya siku ya kutoka, iwe wazi mbele yote ili isimpite kichwani, na ifungwe kwa kamba bapa badala ya kifungo. Vipimo viandikwe kwa vitanzi na kwa kilo, maana muuguzi wa zamu ya usiku hana muda wa kujaribisha kofia sita kwenye kichwa kimoja.

Mtoto wetu alitoka siku ya 41, akiwa na kilo 1.95. Alipopanda milima kuja Lushoto mara ya kwanza alikuwa na miezi minne, na siku hiyo ndipo alipovaa ile sweta yenye maua na vifungo vya lulu. Ilimkaa sawasawa. Sasa anakaribia miaka minne, anakimbiza kuku. Kofia ya vitanzi 56 huivaa kwenye ngumi, anaigeuza mtu, wanazungumza wawili hao mambo yao.

Juzi Jumamosi nilimkuta mama barazani. Ukungu ulikuwa unashuka. Juu ya vikombe palikuwa na machungwa mawili, yote madogo, na kila moja limefungwa uzi wenye mafundo.

“Shikamoo mama. Na haya?”

“Marahaba. Sista wa wodini amepiga simu. Ni mapacha. Mmoja vitanzi 48, mwingine 52.”

Nikavuta kigoda, nikachukua sindano zilizobaki, nikaanza kupandisha vya huyo wa 52.